SHA ikikata peslipu: upange, uingie Boma Yangu ama ununue ploti ujenge?

Mjomba wangu alinunua ploti ya futi hamsini kwa mia huko Malaa, Kangundo Road, 2014. Akaweka seng'enge, akapanda miparachichi miwili, na kila Krismasi tukikutana alikuwa anatoa simu anatuonyesha ramani ya nyumba, hapa jikoni hapa choo cha wageni. 2019 mke wake akalazwa wiki tano, bima ikalipa ikafika kikomo ikasimama, na ile bili iliyobaki ndio ilikula ploti. Mnunuzi alijua mzee ana haraka so hata bei haikuwa bei. Mpaka leo wanapanga Kayole na miparachichi inazalia mtu mwingine.

Ndio maana mimi nikiulizwa nipange ama ninunue huwa sianzi na kodi ni ngapi kwa mwezi, naanza na siku ya bili, na saa hii SHA (bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF) na makato ya nyumba za bei nafuu yamekaa yakifuatana kwa peslipu moja huwezi tena kuongea moja ukaacha lingine. Nitalinganisha njia tatu ambazo mtu wa kawaida Kenya anazo: kupanga huku ukiweka sacco, kuingia Boma Yangu, zile nyumba za bei nafuu za serikali, na kununua ploti ujenge mdogo mdogo. Mogeji, yaani mkopo wa benki wa kununua nyumba, nitaigusa tu nipite. Mfano wangu ni mtu wa elfu 80 kabla ya makato, halafu nitakuja kwa mtu wa jua kali, anayejiajiri bila peslipu, maana kwake hesabu ni tofauti kabisa.

Kwanza makato yenyewe

NHIF ya zamani ilikuwa ya ngazi. Wa elfu 80 alikuwa anakatwa 1,500, na kuanzia laki moja kwenda juu wote walikuwa 1,700, upate laki moja ama upate milioni. Tangu Oktoba 2024 SHA inachukua 2.75% ya mshahara wote, haina dari, na chini kabisa ni 300. So mtu wetu sasa ni 2,200. Juu yake kuna 1.5% ya nyumba, hiyo ni 1,200. Kwa nyumba mwajiri anaongeza 1.5% yake, kwa SHA haongezi hata ndururu.

Sasa hapa ndio watu hupiga kelele bila kupiga hesabu. Tangu mwisho wa Desemba 2024 hizo pesa mbili zinatolewa kwanza kabla PAYE, ile kodi ya mshahara, haijapigwa, so kwa mtu aliye kwa ngazi ya PAYE ya 30% hiyo 2,200 inamuuma kama 1,540. NHIF nayo ilikuwa na unafuu wa 15%, so ile 1,500 ilikuwa inauma 1,275. Tofauti ya kweli kwa mtu wa elfu 80 ni shilingi 265 kwa mwezi. Mia mbili sitini na tano! Hiyo haikunyimi nyumba, hiyo ni maziwa na mkate ya siku mbili. Ukiongeza makato ya nyumba ambayo baada ya PAYE ni 840, jumla unapoteza kama 1,100, na hiyo pesa kwa mkopo wa sacco wa 12% miaka minne ingekubebea kama elfu 42. Inauma, lakini si ndio imekuzuia kujenga.

Panda juu uone. Mtu wa laki mbili unusu, SHA kwake ni 6,875, baada ya PAYE inabaki inauma 4,812, na NHIF ilikuwa inamuuma 1,445 tu. Huyo anakosa 3,367 kila mwezi. Kwa mogeji ya 14% miaka 20, kila milioni moja inalipwa karibu 12,435 kwa mwezi, so hiyo pesa ni karibu laki mbili na sabini ya mkopo ambayo hawezi kuubeba tena. Huyu ndiye mteja wa apatimenti za Kilimani na Syokimau, kwa hivyo kama kuna soko SHA imeguza kwa njia ya mfukoni ni hilo la juu, si la huku kwetu. Lakini wenye mogeji Kenya nzima ni kama elfu 30 hivi, na kilichowafanya wawe wachache ni riba, ilikuwa hivyo hata NHIF ikiwa 1,700.

Kitu kingine cha peslipu kabla sijaendelea. Sheria ya kazi inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara. Kwa elfu 80, ukitoa NSSF (akiba ya uzeeni) ya 4,320 kwa viwango vya 2025, SHA, nyumba na PAYE ya kama 14,067, unabaki na 58,213 mkononi. Theluthi moja, kama 26,667, lazima ibaki kwako, so nafasi ya mkopo iliyobaki kisheria ni kama 31,500. Shikilia hizo namba mbili, 58,213 na 31,500, nitazitumia.

Na kile unachopata

SHA inalipa, tusidanganyane. Zahanati na vituo vya afya vya levo ya 2 na 3 matibabu ya kwenda na kurudi yanalipwa na mfuko wa afya ya msingi, kuzaa kwa upasuaji kuliwekwa 30,000, saratani ilianza na 400,000 kwa familia kwa mwaka na ikiisha unaingia mfuko wa magonjwa sugu kwa 150,000 zaidi. Kuna watu hiyo imewaokolea shamba, nawajua. Lakini ukiwa hospitali ya kibinafsi kile SHA inalipa kwa kitanda na kile hospitali inadai ni vitu viwili, na hapo katikati ndipo ploti za watu zinapotelea. Mtu asikwambie uko SHA so lala usingizi, na mwingine asikwambie SHA ni bure kabisa.

Marekani huko Oregon 2008 walipata nafasi chache za bima ya serikali wakapiga bahati nasibu nani aingie, na waliofuatilia wakaona waliopata walikuwa na madeni machache ya hospitali kuliko waliokosa. Sasa deni la hospitali na kodi ya nyumba si hutoka mfuko mmoja? Bima ikishika vizuri ni kama umemlinda mtu nyumba bila kumpa hata tofali. Bima ikilegea, nyumba ndio inakuwa bima.

So tupime hizi njia tatu kwa swali moja: SHA imelipa yake, imebaki bili ya laki tatu, nani anasimama?

Kupanga na sacco

Mtu wetu anapanga vyumba viwili kwa 18,000, anaweka 15,000 sacco, anabaki na 25,213 ya chakula, nauli, karo na mambo mengine. Baada ya miaka miwili ako na akiba ya 360,000. Ni kweli akiba ya sacco huitoi hivi hivi mpaka ujitoe uanachama na usubiri, lakini mkopo wa dharura huwa wa haraka, na kwa 1% kwa mwezi laki moja ya mwaka mmoja ni karibu 8,900 kwa mwezi, ambayo anaibeba kwa kusimamisha ile akiba ya kila mwezi tu. Hajauza kitu. Laki mbili zilizobaki atatafuta kwa harambee, kwa mkopo wa kawaida wa sacco, na kuna hii ambayo hakuna mtu huihesabu: anaweza kuhama. Mwezi ujao anaenda nyumba ya 11,000 na papo hapo amejipa nyongeza ya 7,000. Mwenye nyumba yake hawezi kuhama nyumba yake.

Ubaya wake unajulikana, miaka kumi umelipa landilodi zaidi ya milioni mbili na huna hata choo. Na landilodi hana habari na wodi, tarehe tano ni tarehe tano, kufuli inawekwa mlangoni na mgonjwa akiwa ndani ya ambulensi. Kwa kipimo cha siku ya bili lakini, kupanga kuna alama nzuri kuliko watu wanavyodhani, na mimi hukasirika nikiona watu wanachekwa ati bado wanapanga.

Boma Yangu

Hapa kuna kitu watu wanachanganya kila siku: ile 1.5% unayokatwa si dipoziti. Ni ushuru. Haikai kwa jina lako, na umekatwa miaka miwili ama hujawahi, dipoziti ya 10% utatafuta mwenyewe. Mwenye mshahara wa chini ya elfu 20 anawekwa kwa nyumba za jamii za riba ya 3%, wa kati ya hapo mpaka 149,000 ni za 6%, na wa juu ni 9%.

Tuseme mtu wetu amepata ya milioni 2. Anatoa laki mbili, milioni 1.8 inabaki kwa 6%, ukiifanya miaka 25 ni karibu 11,600 kwa mwezi. Hiyo ni chini ya kodi anayolipa sasa. Benki kwa pesa hiyo hiyo kwa 14% miaka 20 ingemtaka zaidi ya 22,000. So kwa pesa ya kila mwezi hakuna inayoishinda hii, anabaki na karibu 46,600 mkononi na wala halipi landilodi (ongeza pesa ya usafi, ulinzi na lifti, hiyo haikosi kwa magorofa).

Siku ya bili inakuaje? Kwanza, sheria ya nyumba hizi ya 2024 haikuruhusu uuze bila idhini iliyoandikwa ya bodi inayozisimamia. Watu wengi wanaona hiyo ni ubaya. Mimi naona nusu ni ngao. Hujawahi kukaa kikao cha familia, mgonjwa ni shemeji ya mtu, halafu mzee mmoja anakohoa anasema "si huyu kijana ako na ploti Joska"? Ukiwa na nyumba ya Boma Yangu jibu lako liko tayari, mzee wangu hiyo si ya kuuza hata nikitaka. Nusu nyingine ni mtego, maana mgonjwa akiwa ni mtoto wako mwenyewe pia huwezi kuitoa haraka, na hujamaliza kuilipia so hata kuiweka dhamana si rahisi. Na ile laki mbili ya dipoziti ndio ilikuwa akiba yako ya hospitali. Umeifungia ukutani.

So kama unaingia hapa, usiingie na shilingi ya mwisho. Kama uko na laki mbili kamili na hakuna kingine, wewe bado hujafika. Ngoja ufike laki tatu, na hiyo moja ikae mahali unaweza kuigusa usiku wa manane. Halafu soma mkataba unasema nini ukikosa kulipa miezi mitatu, usisomewe na mtu, soma mwenyewe.

Ingine ni kwamba nyumba si nyingi na haziko kila mahali, kujiandikisha si kupewa, so wakati unangoja bado unalipa kodi pale ulipo.

Ploti na mjengo

Hii ndio moyo wa Mkenya, tusijifanye. Mtu wetu anachukua sacco milioni moja, 12% kwa miaka minne, analipa 26,334 kwa mwezi. Iko ndani ya ile 31,500 so sheria haina shida na yeye. Lakini sheria inaangalia peslipu, haiangalii landilodi. Toa 26,334 kwa 58,213, toa kodi 18,000, umebaki na 13,879. Hiyo ndiyo ya chakula, nauli, karo, tokeni, na nyumbani kutumwa kitu. Miaka minne. Na akimaliza ako na ploti na labda msingi, nyumba bado.

Hapo ndipo ile 265 ya SHA niliyoicheka inaanza kuwa na maana kidogo, maana kwa mtu wa 13,879 kila mia ina jina. Lakini zaidi ya makato, ni ile bili yenyewe. Huyu hana akiba, nafasi yake ya mkopo imejaa, kitu pekee alicho nacho ni hati. Kuuza ardhi vizuri si kazi ya wiki: utafutaji wa hati, ridhaa ya mke ama mume, kama ni ardhi ya kilimo bodi ya ardhi ikae, mnunuzi naye alipe ushuru wa stempu wa 4% mjini ama 2% mashambani. Hospitali haingoji hayo. So mtu anapeleka hati kwa shailoki (mkopeshaji wa riba kali), ama anaiacha hospitalini kama dhamana mgonjwa atoke, ama anauza kwa broka kwa bei ya hasara. Ukiona tangazo la ploti limeandikwa "mwenyewe ana shida ya haraka" elewa hiyo haraka mara nyingi iko wodini, na bei unayoifurahia kuna mtu imemliza.

Kwa hivyo ploti ni mbaya? La. Ploti inapanda bei, hakuna wa kukufukuza, na ukijenga hata mabati vyumba viwili ukahamia, ile 18,000 inarudi mfukoni na hesabu yote inageuka. Hatari ni ile katikati, wakati unalipa mkopo na kodi pamoja. Ifupishe. Nunua ndogo, mkopo mdogo, hamia mapema hata kabla ya simiti ya sakafu. Anayengoja jumba likamilike ndio ahamie ndiye anakutwa na bili njiani.

Na kabla hujalipa, broka atakwambia dakika tano kutoka lami (zake yeye, za pikipiki, usiku, bila abiria). Muulize kituo cha afya kiko wapi. Kama matibabu ya bure yako levo ya 2 na 3, na kutoka kwa ploti yako mpaka zahanati ni boda ya mia tatu kwenda na mia tatu kurudi, basi kwako si bure, na mtoto mdogo anaugua mara ngapi kwa mwaka. Mimi ningelipa zaidi kidogo nikae karibu na kituo cha afya kinachofanya kazi kuliko karibu na petroli stesheni ambayo kila tangazo huitaja.

Kama unajenga za kukodisha, sehemu zilizo karibu na hospitali kubwa zina wapangaji wa kudumu, angalia Ngummo na mitaa ya pale Kenyatta, ama karibu na hospitali ya rufaa ya Moi huko Eldoret, wauguzi, wanafunzi, watu wa wagonjwa. Lakini tofautisha hospitali ya serikali na ile ndogo ya kibinafsi inayotegemea SHA kwa sehemu kubwa ya mapato. Wenye hizo wamelalamika hadharani kuhusu malipo kuchelewa, na hospitali isipolipwa hailipi wafanyikazi, na mfanyikazi asiyelipwa ni bedsita yako (nyumba ya chumba kimoja) ambayo haijalipiwa tarehe kumi.

Mtu wa jua kali

Fundi wa elfu 30 kwa mwezi, mwezi mzuri. SHA yake ni 2.75% pia ila anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja, 9,900. NHIF alikuwa analipa 500 kila mwezi, 6,000 kwa mwaka, na mwezi mbaya anaruka halafu analipia baadaye. Sasa hiyo 9,900 ikigonga Januari inakutana na karo na kodi mlangoni. Kodi ya bedsita ya 7,000 na SHA ya 9,900, akiwa na elfu kumi mkononi analipa gani? Analipa landilodi, kila mtu angefanya hivyo, na hapo kadi imelala. 2025 ikaletwa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ile ya mwaka unalipa kidogo kidogo, na kwa maoni yangu huyu ndiye wa kuichukua bila kufikiria sana.

Kwake njia tatu zinabaki moja na nusu. Boma Yangu inawezekana, dipoziti anaweza kuijaza polepole, lakini mapato yake yanaruka na malipo ya kila mwezi hayaruki. Ploti ya chama inawezekana. Ningemwambia tu asinunue chochote mwaka ambao SHA yake haijalipwa, maana ploti ya mtu asiye na bima ni akiba ya hospitali iliyowekwa seng'enge.

Mimi ningechagua nini

Mtu wa elfu 80 mwenye watoto wadogo na wazazi wanaomtegemea, ningemwambia apange miaka miwili, ajaze sacco, ajiandikishe Boma Yangu wakati huo huo, na ikitoka aende na akiba pembeni. Mwenye mwajiri anayelipa bima ya kibinafsi juu ya SHA anaweza kuthubutu ploti mapema, ila aulize kama hiyo bima iko mwaka ujao, kampuni zinapopunguza gharama huanzia hapo. Kijana asiye na familia, anunue ploti, ahamie kwa mabati, ataniambia. Mtu wa laki mbili unusu anayetaka mogeji ya miaka 20, fanya hesabu yako na nafasi ya kupumua, kwa sababu haya makato hayajatulia: ya nyumba Mahakama Kuu iliyakataa Novemba 2023, yakasimama Januari 2024, yakarudi na sheria mpya Machi. Sheria za SHA nazo zikakataliwa Julai 2024, Mahakama ya Rufani ikasimamisha uamuzi Septemba, na Oktoba tukaanza kukatwa. Ukiwa umejibana mpaka shilingi ya mwisho, 1% ya nyongeza inakuangusha.

Na kabla hujatuma dipoziti ya nyumba yoyote, piga *147# uone kama malipo yako ya SHA yanaonekana. Kukatwa kwa peslipu ni kitu kimoja, mwajiri kuyapeleka ni kingine, na mahali pabaya pa kugundua tofauti ni dirishani kwa hospitali.